Mvua ya Mtaa Mmoja

Usiku wa Julai 28, 1997, mji wa Fort Collins katika jimbo la Colorado, Marekani, ulikuwa na mvua mbili. Upande wa magharibi, pale Milima ya Rocky inapoanza kuinuka, zilishuka zaidi ya milimita 360 katika saa kama 31, na sehemu kubwa ya maji hayo ilimwagika katika saa chache za mwisho. Upande wa mashariki, kilomita chache kutoka hapo, zilipatikana takriban milimita 50, mvua ya kumlowesha mtu na kumkera, basi.

Msomaji asiyezoea lugha ya milimita apige hesabu hii: milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Kiwanja cha mita 10 kwa 10 upande ule wa magharibi kilipokea lita 36,000 na ushei. Kijito kiitwacho Spring Creek, ambacho siku nyingi mtoto anaweza kukivuka bila kuvua viatu, kilirundika maji nyuma ya tuta la reli, yakalipita, yakashukia makazi yaliyokuwa upande wa pili. Watu 5 walikufa. Chini ya ardhi, katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Jimbo la Colorado, maji yalibomoa ukuta na kulowesha vitabu mamia ya maelfu.

Wataalamu walikuwa na rada, na rada ilikuwa inafanya kazi. Tatizo ni kwamba rada haipimi maji. Inatuma mawimbi, inapokea mwangwi kutoka kwenye matone, kisha inakadiria. Na mwangwi huo una upendeleo wa ajabu: tone lenye kipenyo cha milimita 2 linarudisha mwangwi sawa na matone 64 ya milimita 1, ingawa maji yake ni sawa na ya matone 8 tu. Kwa hiyo mvua ya matone makubwa machache huonekana kali kwenye skrini, na mvua ya matone madogo mengi huonekana ya wastani hata kama inaufurikisha mji. Hewa iliyoingia Fort Collins siku ile ilikuwa na unyevu wa kitropiki, mvua yake ikafanana zaidi na ya Tanga kuliko na dhoruba za kawaida za Colorado ambazo kanuni za rada zilitungiwa. Makadirio yakawa pungufu. Milimani kuna kasoro nyingine tena: mwali wa rada husafiri kwa mstari, nao mlima ukikaa njiani, bonde lililo nyuma yake halionekani.

Nolan Doesken, mtaalamu wa tabianchi katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Colorado, alitaka kujua mvua ilinyesha kiasi gani, na wapi hasa. Vituo rasmi vilikuwa vichache mno kumjibu. Yeye na wenzake wakawageukia wananchi: nani alikuwa na kipimamvua uani? Nani aliacha ndoo nje, toroli, chombo chochote chenye kuta zilizonyooka? Majibu yalikuja kwa mamia, na kutokana nayo ikachorwa ramani ambayo hakuna chombo cha serikali kilichoweza kuichora. Mwaka uliofuata, 1998, Doesken alianzisha mtandao wa watu wa kujitolea wa kupima mvua, mvua ya mawe na theluji, unaojulikana kwa kifupi kama CoCoRaHS. Leo una wapimaji zaidi ya 20,000 katika majimbo yote ya Marekani, Kanada na hata Bahamas.

Kwa nini milima hugawa mvua kwa upendeleo namna hii? Hewa yenye unyevu ikisukumwa dhidi ya mteremko haina pa kwenda ila juu. Ikipanda inapoa, nayo hewa baridi haiwezi kubeba mvuke mwingi kama hewa ya joto. Mvuke unageuka wingu, na wingu linashusha mzigo. Upepo ukidumu katika mwelekeo mmoja na ule wa juu ukawa dhaifu, wingu halisogei. Mvua inatengenezwa na kumwagwa palepale, saa baada ya saa, huku jirani aliye ng’ambo ya kilima anaanika nguo. Colorado walikuwa wamekwisha kuona jambo hili Julai 31, 1976, katika korongo la Big Thompson, ambako mvua ya jioni moja iliua zaidi ya watu 140.

Kifaa wanachotumia wapimaji wa Doesken ni cha kawaida kabisa. Ni silinda ya plastiki yenye mdomo wa kama sentimita 10. Ndani yake kuna mrija mwembamba ambao eneo la mdomo wake ni sehemu moja ya kumi ya eneo la mdomo wa nje, na faneli ya kuelekeza maji humo. Kwa sababu ya wembamba huo, mvua ya milimita 1 inasimama ndani ya mrija kwa kimo cha sentimita nzima, ikasomeka bila kubahatisha. Mvua ikizidi, mrija unafurika na ziada inabaki katika silinda ya nje, inapimwa baadaye. Saa 1 asubuhi mpimaji anatoka, anainama mpaka jicho liwe sawa na uso wa maji, anasoma sehemu ya chini ya mkunjo ule ambao maji hujifanyia ndani ya mrija, anaandika, anamwaga. Dakika 2 zimetosha.

Kazi ngumu ni siku ambazo hakuna cha kumwaga. Wengi wanaoanza hobi hii hupenda dhoruba. Wanataka kuandika namba kubwa na kuwaonyesha wenzao. Lakini anayeripoti siku za mvua pekee anaacha pengo, na pengo halisemi kitu: huenda hakukuwa na mvua, huenda mwenyewe alikuwa safarini. Sufuri iliyoandikwa ni kipimo kamili. Ndiyo inayowaambia wanaofuatilia ukame kwamba mteremko huu umekaa wiki 3 bila tone, na ndiyo inayochora ukingo wa dhoruba, mahali mvua ilipokomea. Binafsi nikipewa daftari la mpimaji, huanza kwa kutafuta sufuri zake. Nikizikosa, namba kubwa nazisoma kwa shaka.

Theluji ni kesi ngumu zaidi, na hapa ndipo wapenzi wa hali ya hewa hugombana. Mvua ikishuka imeshuka. Theluji hushuka, hujishindilia kwa uzito wake, hupeperushwa, huyeyuka kwa chini, huku mtu na rula yake akitafuta jibu moja. Utaratibu ni kuweka ubao uliopakwa rangi nyeupe mahali pasipo na upepo mkali, kupima kimo cha theluji mpya juu yake, kisha kuufuta na kuanza upya. Sasa fikiria: ukiufuta kila saa moja, kila tabaka unalipima likiwa bado limefura. Jumlisha mwishoni, utapata kimo kikubwa kuliko cha jirani aliyepima mara moja asubuhi, ingawa mmenyeshewa theluji ileile. Ndiyo maana kanuni inasema usiufute zaidi ya mara 4 kwa siku.

Kanuni hiyo iliwahi kunyima mji rekodi. Tangu Aprili 1921 rekodi ya Marekani ya theluji ya saa 24 ilikuwa ya Silver Lake, ziwa dogo katika milima ya juu ya mji wa Boulder, Colorado: sentimita 193 hivi. Januari 1997 ikaja taarifa kutoka Montague, kwenye nyanda za juu za Tug Hill katika jimbo la New York, ambako upepo unaovuka Ziwa Ontario humwaga theluji kwa fujo. Walikuwa wamepima inchi 77, yaani sentimita 195 na ushei. Sherehe zilianza, kisha kamati ya wataalamu ikaomba kuona daftari. Ikakuta vipimo 6 ndani ya siku moja. Rekodi ikakataliwa, Silver Lake ikabaki na taji lake. Wapo waliosema ni ukatili. Mimi naona kamati ilifanya haki, kwa sababu namba mbili zilizopatikana kwa njia tofauti hazilinganishwi, hata kama aliyepima ni mwaminifu kuliko sisi sote.

Isitoshe, kimo si maji. Sentimita 30 za theluji nzito ya machipuko zinaweza kubeba milimita 30 za maji au zaidi; sentimita 30 za theluji kavu ya Januari katika Milima ya Rocky mara nyingi hubeba nusu ya hapo, au pungufu. Mwenye paa, mwenye bwawa na mkulima wa bondeni, wote wanataka kujua maji. Basi majira ya baridi mpimaji huondoa faneli na mrija, akaacha silinda ya nje peke yake ipokee theluji. Asubuhi anaiingiza jikoni, anapima milimita 10 za maji ya vuguvugu kwa mrija uleule, anayamimina juu ya theluji mpaka yote iyeyuke, kisha anaupimia mchanganyiko. Mrija ukisoma 16, anatoa 10 zake, anaandika 6. Upepo ukiwa mkali theluji nyingi hupita juu ya mdomo wa silinda bila kuingia, na hapo hukata kipande cha theluji kutoka kwenye ubao na kukiyeyusha badala yake.

Aliyewafundisha Wamarekani kupima maji yaliyo ndani ya theluji alikuwa mwalimu wa Kilatini. James Church, wa Chuo Kikuu cha Nevada, alipenda kupanda Mlima Rose hata wakati wa baridi, na mwanzoni mwa karne ya 20 alibuni bomba la kuchomeka kwenye theluji, kulichomoa na kulipima uzito. Kutokana na uzito huo aliweza kutabiri maji ya machipuko. Leo milima ya magharibi mwa Marekani ina mamia ya vituo vya mitambo vinavyoendeleza wazo lilelile.

Mpimaji mwingine wa theluji ni billy barr, anayeandika jina lake kwa herufi ndogo, aliyehamia Gothic, kijiji kilichohamwa cha wachimba madini huko Colorado, mita zipatazo 2,900 juu ya usawa wa bahari. Tangu 1974 amekuwa akiandika kila siku theluji mpya, kimo cha theluji ardhini, joto, na siku ambayo mnyama au ndege fulani ameonekana kwa mara ya kwanza. Amesema mwenyewe kwamba alianza kwa uchovu wa kukosa la kufanya. Mtaalamu wa ikolojia David Inouye alipoyaona madaftari hayo alielewa ni hazina, na mwaka 2000 yakawa sehemu ya utafiti ulioonyesha kwamba marmoti, wanyama wa milimani wa jamii ya kindi, walikuwa wakiamka kutoka usingizi wao wa baridi zaidi ya mwezi mmoja mapema kuliko katikati ya miaka ya 1970.

Septemba 2013 hewa ya kitropiki ilirudi Colorado. Septemba 12 pekee Boulder ilipata milimita 231, na kwa wiki nzima zaidi ya 430, mji ambao kwa mwaka mzima hupata kama 520. Safari hii mitaa mingi ilikuwa na mtu na silinda yake. Mtandao una ripoti ya dharura: mpimaji akiona maji yanapanda haraka hangoji asubuhi, anaituma papo hapo, nayo inafika mezani kwa watabiri wa idara ya hali ya hewa wa eneo lake. Rada inasema hivi, mtu aliyeloa anasema vile, na mtabiri anarekebisha onyo.

Kwetu Tanzania, mlima unaogawa mvua namna hiyo ni Kilimanjaro. Moshi mjini hupata chini ya milimita 1,000 kwa mwaka. Ukipanda mpaka msituni upande wa kusini zinapita 2,000. Ukifika kilele cha Kibo zinashuka hadi mia chache, tena kama theluji. Upande wa kaskazini, uliokingwa na mlima wenyewe, ni mkavu zaidi. Februari 2000 kituo cha mitambo kiliwekwa juu ya barafu ya kaskazini ya Kibo na timu ya Douglas Hardy wa Chuo Kikuu cha Massachusetts, kwa hiyo kileleni tuna takwimu nzuri. Mashaka yako kwenye mabonde yenye watu, ambako daftari la misheni au la shamba la kahawa mara nyingi ndilo kumbukumbu pekee ya miaka mingi. Shirika la TAHMO limekuwa likiweka vituo vya mitambo katika shule za Afrika, na hiyo ni hatua njema, lakini lengo lake la vituo 20,000 ni la Afrika yote ya kusini mwa Sahara.

Desemba 3, 2023, mteremko wa Mlima Hanang ulimeguka baada ya mvua kubwa, matope na mawe yakashukia Katesh na vijiji jirani, na zaidi ya watu 80 wakafariki. Mitambo michache haiwezi kueleza kila korongo la mlima wa mita 3,420 lilipokea nini siku ile. Vipimamvua 20 kwa walimu na wakulima wanaouzunguka mlima, vikisomwa kila siku, vingeanza kueleza.

Anayetaka kuanza asingoje kifaa cha plastiki. Kopo lolote lenye kuta zilizonyooka, mdomo na kitako sawa, linapima kwa rula. Litashindwa tu na milimita zile ndogondogo. Liwekwe wazi, mbali na mgomba au ukuta angalau mara mbili ya kimo cha kizuizi hicho, na lisiwe chini ya ukingo wa bati. Lisomwe saa 3 asubuhi, saa ambayo vituo vya Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania husoma mvua ya siku iliyopita, ili namba zako ziweze kukaa pamoja na zao. Halafu limwagwe, na siku kavu iandikwe 0.