Lebo Ikikosea, Je, Gari Lirudishwe Kiwandani?

Najua wengi wenu mmetuletea mashairi na hadithi za mazimwi, lakini mimi ningependa kuwaelezea jambo la magari. Msifunue ukurasa kwanza! Jambo hili ni la lugha vile vile kwa sababu linahusu maandishi, na swali lenyewe ni hili: maandishi ya usalama yaliyo kwenye gari yakiwa na kosa dogo, ni nani aliye na haki ya kusema, "Hili tulisamehe"?

Watu wengi hudhani gari lina maandishi mawili tu, nambari ya usajili na jina la kampuni. Hebu nenda mahali lori zinapoegeshwa hapa Mandera uangalie vizuri. Nyuma ya lori utaona duara lililoandikwa 80 KPH. Ubavuni kuna uzito wa lori likiwa tupu. Ukifungua mlango wa dereva wa gari dogo, pale kwenye nguzo mlango unapofungia, kuna kibandiko kinachosema tairi zijazwe upepo kiasi gani. Ukishusha kile kibao cha kukinga jua kilicho juu ya kioo, utakuta onyo kuhusu mfuko wa hewa unaofura ajali inapotokea. Na tairi yenyewe imejaa herufi na namba kuzunguka mbavu zake zote.

Wacha nieleze ya tairi kidogo maana huko ndiko kwenye utamu. Tuseme imeandikwa 195/65 R15 91H. Hiyo 195 ni upana wake kwa milimita, na 15 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. 91 si kilo tisini na moja, la! Ni namba ya siri inayosomwa kwenye jedwali, na maana yake ni kwamba tairi moja isibebe zaidi ya kilo 615. H inamaanisha isiendeshwe kupita kilomita 210 kwa saa. Halafu tafuta herufi DOT, ufuate mstari huo mpaka mwisho. Ukikuta namba nne, kwa mfano 3108, ujue tairi hiyo ilitengenezwa wiki ya 31 ya mwaka wa 2008. Tairi zilizotengenezwa kabla ya mwaka wa 2000 zilikuwa na namba tatu tu. Mtu anayenunua tairi kuukuu bila kusoma namba hizo nne ananunua asichokijua, hata kama imepakwa rangi nyeusi ikang'aa kama kiatu cha sherehe.

Sasa tuje kwenye makosa. Kiwandani ni watu na mashine wanaofanya kazi, na wote hukosea. Tairi yenye tabaka nne inaweza kuandikwa ina tabaka tatu. Kibandiko cha mlangoni kinaweza kuchapishwa na namba ya gari la aina nyingine. Je, magari elfu kadha yarudishwe yote kwa sababu ya herufi moja?

Nchi ambayo imelifikiria swali hili kwa urefu na kuliandikia utaratibu ni Marekani. Huko kulipitishwa sheria kubwa ya usalama wa magari mwaka wa 1966, na tangu mwaka wa 1970 kuna idara inayoitwa NHTSA. (Jina lake linakaribiana na lile la NTSA yetu, ambayo sheria yake ni ya mwaka wa 2012, lakini hizi ni idara mbili tofauti kabisa.) Kanuni ya huko ni kali: gari au tairi isiyotimiza kiwango, hata kama kasoro ni ya maandishi tu, mtengenezaji lazima aripoti, awaandikie barua wenye magari na kurekebisha bila kuwatoza hata senti. Lakini mwaka wa 1974 sheria iliongezwa mlango mdogo. Mtengenezaji akiamini kwamba kasoro yake haina madhara yoyote kwa usalama, anaweza kuomba asamehewe kuwaandikia watu na kurekebisha.

Angalieni jinsi mlango huo ulivyo mwembamba. Kwanza mtengenezaji haruhusiwi kunyamaza. Akishajua kuna kasoro ana siku 5 za kazi za kuiripoti, na siku 30 za kuleta ombi lake. Ombi linatangazwa katika gazeti rasmi la serikali, sawa na Kenya Gazette yetu, na mwananchi yeyote anaweza kuandika maoni yake. Mzigo wa kuthibitisha uko juu ya yule anayeomba. Idara ikisharidhika au ikikataa, inaandika sababu zake wazi kila mtu azisome. Hata akisamehewa, msamaha unahusu yale magari yaliyokwisha kutoka mikononi mwake. Yale ambayo bado anayo uani hawezi kuyauza mpaka ayatengeneze.

Hapo ndipo nilipoona wenzetu wametumia akili. Mtengenezaji huja na hoja mbili ambazo mtu yeyote angezitoa. Ya kwanza: "Hakuna aliyeumia mpaka sasa." Idara imejibu mara nyingi kwamba kutosikia habari ya ajali si ushahidi kwamba hakuna hatari. Hoja ya pili: "Ni magari machache tu." Hiyo nayo haikubaliwi. Haihesabiwi ni magari mangapi. Inaulizwa yule mtu mmoja atakayekutana na kosa hilo atapatwa na nini. Kwangu mimi hilo ndilo jibu bora zaidi katika habari hii yote. Sisi tunaoishi pembeni kabisa mwa nchi tumezoea kuambiwa kwamba tu wachache.

Basi ni makosa gani husamehewa? Lile la tabaka za tairi limesamehewa mara nyingi. Sababu ni kwamba tairi yenyewe imepita majaribio yote ya nguvu, na mnunuzi hachagui tairi kwa kuhesabu tabaka zake. Huulizwa pia habari ya mafundi wanaovalisha tairi kuukuu mpira mpya, kwa kuwa ncha za waya wa chuma zinaweza kuwadhuru. Ikiwa maandishi yanaonyesha kuwa kuna chuma ndani, fundi amekwisha kuonywa, tabaka ziwe tatu au nne. Fikirieni tena pikapu ya viti viwili ambayo kibandiko chake kinasema ni ya watu watano. Ni nani atadanganyika? Ataingia, aone viti viwili na mishipi miwili, acheke. Lakini kibandiko kikisema pikapu hiyo hubeba kilo 900 na kumbe imeundiwa kilo 600, hapo hakuna wa kucheka. Kosa linaweza kuwa ni tarakimu moja tu, 9 mahali pa 6, lakini dereva ataliamini, atapakia, na breki zitashindwa akiwa mteremkoni. Kwa hivyo udogo wa kosa haupimwi kwa idadi ya herufi. Unapimwa kwa kile msomaji atakachofanya baada ya kusoma.

Mpaka hapa nimezungumza ya mbali. Je, kwetu Kenya? Sheria yetu ya trafiki, Sura ya 403, inasema gari lisitumiwe barabarani isipokuwa yeye mwenyewe na vifaa vyake vyote, taa na tairi zikiwemo, vimetimiza masharti na viko katika hali isiyohatarisha watu. Kanuni zilizoanza kutumika tarehe 1 Februari mwaka wa 2004, ambazo wengi huziita kanuni za Michuki kwa jina la waziri John Michuki, zilileta mstari wa manjano kwenye matatu, vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa na mishipi. Mwaka wa 2016 zikachapishwa kanuni za makosa madogo ya trafiki na faini zake: kutofunga mshipi shilingi 500, kukosa vile vibao vya pembe tatu vya kuonya shilingi 3,000, nambari za usajili kukosekana au kutofungwa inavyotakiwa shilingi 10,000. Orodha kama hiyo inasaidia maana kila mtu anajua bei ya kosa lake. Lakini faini si msamaha. Faini inauliza tu, "Kipo au hakipo?" Haiulizi ni nani aliyepotoshwa.

Hata hivyo, misamaha tunayo. Kenya tunaendesha upande wa kushoto na usukani uko kulia. Majirani zetu Ethiopia na Somalia huendesha upande wa kulia. Mtu wa Mandera akivuka kwenda Suftu au Bula Hawa anabadilisha upande wa barabara kabla chai yake haijapoa. Gari lenye usukani wa kushoto halisajiliwi Kenya, ila yale ya kazi maalum kama vile ambulansi na magari ya kuzimia moto yanaweza kuruhusiwa. Huo ni msamaha ulioandikwa, unajulikana na una sababu.

Ninaotaka kuuzungumzia ni ule usioandikwa. Magari mengi madogo tunayopanda yametumika kwanza Japani. Kiwango chetu KS 1515 cha mwaka wa 2000 kinataka gari lililotumika lisiwe limepita miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza, na likaguliwe kabla ya kuletwa. Hukaguliwa breki, taa, na kutu. Lakini fungua mlango usome kile kibandiko cha upepo wa tairi. Ni Kijapani kitupu! Namba zinasomeka, 220 na 240, lakini zimeandikwa kwa kilopaskali, na kipimo cha mtu wa pancha kinasoma pauni. Tena huwezi kujua ipi ni ya tairi za mbele na ipi ni ya nyuma, kwa maana maneno ya mbele na nyuma yako kwa ile michoro yao. Basi fundi anagonga tairi kwa nyundo, anasikiliza, anasema, "Imetosha, abti, nenda." Saa zingine inatosha kweli. Saa zingine haitoshi, na tairi yenye upepo mdogo hujikunja zaidi inapozunguka, hupata joto, na joto hilo likiongezwa juu ya jua letu la Mandera na mzigo uliopita kiasi, hupasuka. Kutoka hapa hadi Nairobi kupitia Wajir na Garissa ni zaidi ya kilomita 1,000. Hiyo ni nafasi kubwa ya kupasukia.

Na lile onyo la juu ya kioo? Linasema kiti cha mtoto mchanga kinachotazama nyuma kisiwekwe mbele ya mfuko wa hewa. Mfuko huo hufura kwa kufumba na kufumbua, kwa nguvu ambayo inaweza kumuua mtoto. Hapa kwetu viti vya watoto si vingi, lakini mama aliyempakata mtoto kiti cha mbele ni jambo la kila siku, na anayesafiri hivyo hajawahi kuambiwa, ingawa onyo liko sentimita chache tu kutoka kichwani mwake.

Lebo hiyo haina kosa hata moja. Ni sahihi tupu. Ile tairi ya tabaka nne iliyoandikwa tatu ina kosa lakini haimdhuru mtu. Hii haina kosa na inaweza kudhuru, kwa sababu hakuna anayeisoma. Tuipitishe katika lile swali la wenzetu: yule mtu mmoja anayekutana nayo atapatwa na nini? Sidhani ombi kama hilo lingekubaliwa. Na hapa kwetu hakuna hata aliyeliomba. Tumezoea tu. Katiba yetu ya mwaka wa 2010, kifungu cha 46, inampa mnunuzi haki ya kupata habari anazohitaji ili afaidi bidhaa aliyoinunua, na kifungu cha 7 kinasema lugha rasmi ni Kiswahili na Kiingereza. Sijaona Kijapani hapo.

Kuna watakaosema kwamba hata Kiswahili si madereva wote wa hapa wanaokisoma, wengine ni Kisomali tu. Ni kweli, lakini tanboi wake atakisoma, au mtoto wake aliye shule atamsomea. Wengine watasema kutafsiri vibandiko kutaongeza bei ya magari. Karatasi yenye gundi ni shilingi ngapi? Yule anayeleta gari ndiye angebandika, kando ya ile ya Kijapani bila kuibandua, na namba zitoke kwenye lebo ya gari hilo hilo. Kwa gari lenye 220 mbele na 240 nyuma kibandiko kingesema hivi: "Upepo wa tairi: mbele pauni 32, nyuma pauni 35. Pima tairi zikiwa baridi." Na juu ya kioo: "Usimpakate mtoto kiti hiki. Mfuko wa hewa unaweza kumuua."