Mtumbwi, Mshipi na Kiboko: Kuvua Ziwa Babati

Vitabu vingi vya uvuvi wa mshipi vinavyosomwa Ulaya na Marekani vimeandikwa kwa ajili ya trauti, samaki wa maji baridi mwenye madoadoa, anayewafanya watu wazima wakeshe wakipanga ndoano kwenye visanduku. Mtu akishuka basi Babati na kitabu cha aina hiyo begini, ataliona ziwa pembeni kabisa ya mji, ataona mitumbwi ukingoni, na ataanza kujipongeza mapema. Trauti hatampata, hata akikaa mwezi mzima.

Kizuizi ni joto. Trauti hustawi katika maji ya nyuzi 10 hadi 18 hivi, yenye oksijeni nyingi. Yakikaribia nyuzi 25 uhai wake uko mashakani. Ziwa Babati liko kwenye mwinuko wa mita 1,350 hivi, lakini kina chake ni kifupi na jua la mchana hulipasha bila shida. Ndiyo maana waliomleta samaki huyu Afrika Mashariki walimpeleka milimani. Mwaka 1905 mlowezi Ewart Grogan aliagiza mayai ya trauti kutoka Uskoti na kuyapandikiza katika mto Gura, kwenye milima ya Aberdare nchini Kenya. Upande wa Tanganyika, mito ya baridi ya Kilimanjaro nayo ilipata zamu yake wakati wa ukoloni. Leo anayetaka kumvua trauti ziwani, na siyo mtoni, hupanda Mlima Kenya hadi maziwa ya Rutundu na Alice, zaidi ya mita 3,000 juu ya usawa wa bahari. Huko kuna trauti wa upinde wa mvua, ambaye kwao hasa ni pwani ya Pasifiki ya Amerika Kaskazini.

Hata hivyo kitabu kisitupwe. Mvuvi hodari wa trauti, kabla hajagusa mshipi, hujiuliza mambo matatu: maji yana joto gani sasa hivi, upepo unavuma kuelekea wapi, na chakula cha samaki kimekusanyika upande gani. Maswali hayo yanafaa Babati sawasawa na Rutundu. Majibu ndiyo yanayotofautiana. Babati ina swali la nne, ambalo wavuvi wa Uskoti hawajawahi kulihitaji. Viboko wako wapi?

Ziwa hili linajulikana kwa viboko wake, na ratiba ya mvuvi mwenye akili hufuata yao. Usiku kiboko hutoka majini kwenda kula nyasi, akipita njia zake zile zile, alfajiri hurudi. Mchana kutwa hupumzika na wenzake kwenye maji mafupi, masikio na pua tu vikionekana. Kwa hiyo saa mbaya kabisa za kusukuma mtumbwi majini ni giza la alfajiri na machweo, wakati mnyama yuko njiani kati ya nchi kavu na ziwa. Jua likishachomoza, mwenye mtumbwi husimama kwanza ukingoni na kutazama. Kiboko anaweza kukaa chini ya maji kwa dakika tano hivi, hivyo kutazama mara moja na kuondoka hakutoshi. Kundi likishaonekana, mtumbwi hulizungukia kwa mbali na haukatizi kamwe kati yake na maji ya kina, kwa sababu huko ndiko kiboko aliyeshtuka anakokimbilia. Mgeni asiyelijua ziwa asijaribu peke yake. Akodi mtumbwi pamoja na mwenyewe, avae jaketi okozi, na akiambiwa “tugeuze” asibishane.

Baada ya hapo ndipo perege.

Perege hapendi maji ya baridi ya alfajiri. Usiku maji ya ukingoni hupoa, hasa Juni hadi Agosti, na samaki huyu huzubaa. Jua likipanda, maji mafupi hupata joto kabla ya yale ya katikati, naye husogea ukingoni kula. Saa tatu hadi saa tano asubuhi ni wakati mzuri, kabla upepo wa mchana haujayachafua maji. Alasiri upepo ukitulia huja nafasi nyingine, fupi zaidi, maana machweo ni ya kiboko. Upepo wenyewe si adui wakati wote. Ukivuma kwa muda upande mmoja, husukuma vijimea vya kijani vinavyoelea na wadudu walioangukia majini hadi ukingo wa pili, na perege hufuata. Wengi hutafuta upande uliotulia kwa sababu unapendeza macho na ni rahisi kupiga kafi, kisha wanashangaa kurudi mikono mitupu.

Mvua nazo zina maana yake. Ziwa hili hujaa na kupungua sana. Mafuriko ya mwaka 1990 yaliingia hadi mjini. Maji yanapopanda baada ya masika, nyasi za ukingoni huzama, na perege huingia humo kutafuta chakula na mahali pa kuzaliana. Dume huchimba kishimo cha duara chini, kwenye maji mafupi, na kukilinda. Jike akishataga hubeba mayai mdomoni, na baadaye watoto, hadi waweze kujitegemea. Jike wa namna hiyo akinaswa, mara nyingi huyatema. Mvuvi akiona mdomo umevimba, amwondoe kwenye ndoano akiwa bado ndani ya maji na amwachie.

Mtumbwi unaozunguka kwenye nanga moja ni kero: boya linavutwa, chambo kinahama, na kila samaki wa karibu anajua kuna kitu. Dawa ni mawe mawili yaliyofungwa kamba, moja mbele na moja nyuma, yateremshwe polepole bila kurushwa. Sauti husafiri majini kwa kasi inayozidi mara nne ile ya hewani, hivyo kafi likigonga ubao, mlio unafika kwa perege kabla hata mvuvi hajakaa vizuri. Kusimama nako ni kosa, kwa usalama na kwa uvuvi pia, kwani samaki aliye kwenye maji mafupi humwona mtu aliyesimama mapema kuliko aliyeketi.

Vifaa ni vya kawaida. Mdomo wa perege ni mdogo, hivyo ndoano iwe ndogo, namba 8 hadi 12. Namba ikiongezeka ndoano hupungua. Boya laweza kuwa kipande cha tete kavu. Chambo ni minyoo au kidonge cha ugali mgumu, na viganja vichache vya pumba za mahindi hutupwa karibu na boya ili kuwaita. Asiyezoea hungoja boya lizame. Perege mara nyingi hulitikisa tu, au hulisogeza kando kidogo kana kwamba ni upepo, na hapo ndipo pa kuvuta, kwa kifundo cha mkono tu.

Kambare ni habari nyingine. Ana sharubu nane za kupapasia na kuonjea, hula zaidi usiku, na hukaa chini kabisa kwenye tope. Kwa mvuvi wa mchana, siku ya mawingu au maji yaliyochafuka baada ya mvua ndiyo bahati yake: chubwi zito, ndoano kubwa, mshipi mnene, na utumbo wa kuku. Apandishwe mtumbwini kwa kimia, na asishikwe ovyo, maana mapezi yake ya ubavuni yana miiba migumu.

Yote haya yanahitaji leseni, kwa mujibu wa Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003, na ofisa uvuvi wa halmashauri ndiye wa kuulizwa kwanza, pamoja na kama ziwa limefunguliwa kwa uvuvi wakati huo. Kokoro ni marufuku.

Samaki wakishapatikana, hesabu ya muda inaanza upya. Perege hataki jua: atumbuliwe mapema, afunikwe kwa majani mabichi, na afike jikoni kabla ya adhuhuri. Kambare ana kiungo cha kuvutia hewa karibu na mashavu, na chini ya gunia lililoloweshwa hufika sokoni akiwa bado anapumua.