Bawabu Akidanganywa, Mwizi Huingia Ndani

Wakulima wengi wa Lamu sasa wana simu za mguso, na simu hizo zimekuwa kama ghala. Ndani yake mna fedha za nazi na ufuta, mna majina ya wanunuzi wa Mombasa, mna picha za vitambulisho, na mna ujumbe wa mbolea ya ruzuku, ambao serikali ilianza kuwapelekea wakulima walioandikishwa mwaka 2023. Ghala lenye mali lataka mlango mzuri. Mwezi huu nataka tuzungumze juu ya mlango huo, na juu ya bawabu anayeulinda.

Hivi karibuni alikuja afisini kwetu mzee mmoja, mkulima wa minazi kutoka kisiwa cha Pate.

"Sabalkheri, maalim," akasema. "Simu yangu imeniibia."

"Sabalkheri, mzee wangu. Keti kwanza. Imekuibia vipi?"

Akanieleza kwamba mpwawe alimletea kwa WhatsApp programu iliyosemwa kuwa ni ya kuandikisha wakulima wanaotaka mbolea. Simu ilimwuliza kama aitaka. Akakubali, maana alimwamini kijana wake. Kijana naye alikuwa ameipata kwa mwenzake, wala hakujua ilikotoka. Programu yenyewe haikufanya kazi yo yote, ila ilionyesha picha ya magunia tu. Siku ya tatu fedha alizokuwa ameziweka kwa karo ya wajukuu wake hazikuwako.

"Mimi nilifungua ile programu tu, mwanangu," akasema. "Sikumpa mtu namba yangu ya siri."

Niliitazama simu ile. Ilikuwa ya miaka mingi, na mahali panapoonyesha sasisho la usalama paliandikwa mwaka 2017. Maneno ya mzee yalikuwa ya kweli. Hakumwambia mtu siri yake. Lakini alimkaribisha mgeni asiyemjua katika nyumba ambayo kuta zake zina nyufa.

DAKA NA NDANI

Kila mtu wa Lamu aijua nyumba ya mawe ya kale. Mgeni hukaa kwanza katika daka. Hapo atapewa salamu na kahawa, lakini hapiti kwenda ndani mpaka mwenyewe amkaribishe. Simu nayo imejengwa vivyo hivyo. Kila programu hupewa daka lake. Haiwezi kusoma ujumbe wako, wala kuona picha zako, wala kugusa mambo ya programu nyingine, isipokuwa umeipa ruhusa.

Sasa, nani ampokeaye mgeni huyu, atazamaye vyeti vyake na kumwonyesha mahali pake? Kazi hiyo hufanywa na programu nyingine iliyomo tayari ndani ya simu. Huyo ndiye bawabu. Bawabu hana budi kuwa na funguo nyingi kuliko wageni, maana bila funguo hawezi kufanya kazi yake. Na hapo ndipo penye hatari. Mwizi mwerevu hahangaiki kuvunja mlango. Humdanganya bawabu, na bawabu humfungulia mwenyewe. Programu iliyostahili kukaa katika daka hujikuta ndani, na funguo zote mkononi. Mafundi husema kwamba programu hiyo imejipandisha cheo.

SI JAMBO LA JANA

Mwaka 2001 kampuni ya Sun ya Marekani ilitoa chombo kiitwacho Java Web Start. Kazi yake ilikuwa kuchukua programu kutoka intaneti na kuiendesha mara moja. Programu isiyojulikana iliwekwa kizuizini, isiguse mambo ya mwenye kompyuta. Lakini mwaka 2005 mtaalamu wa Finland, Jouko Pynnönen, alionyesha kwamba ile karatasi ya maelezo inayokuja pamoja na programu iliweza kutiwa maneno ya hila. Bawabu aliyasoma maneno hayo kana kwamba ni amri ya mwenye nyumba, akaondoa kizuizi kwa mkono wake mwenyewe. Ufa huo ulizibwa.

Nyufa nyingine zilionekana baadaye katika Java. Mwezi wa Februari 2012 kampuni ya Oracle, iliyokuwa imekwisha kuinunua Sun, iliziba ufa mmoja mkubwa. Kompyuta za Apple hazikupata dawa hiyo mpaka mwezi wa Aprili. Katika muda huo programu mbaya iitwayo Flashback iliingia katika kompyuta zaidi ya 600,000. Dawa ilikuwapo, lakini haikuwa imefika kwa mgonjwa.

GUNIA LILILOBADILISHWA GATINI

Kisa kinachotufaa zaidi ni cha mwezi wa Agosti 2018, kwa sababu kilihusu simu za namna ya zile tulizo nazo. Kampuni ya Epic Games ilitoa mchezo wake wa Fortnite kwa simu za Android. Haikutaka kuuweka katika duka la Google, kwa kuwa duka hilo lilikuwa likichukua asilimia 30 ya mapato. Badala yake iliwaambia watu wachukue kwanza programu ndogo kutoka kwake, na programu hiyo ndiyo ingeleta mchezo wenyewe na kuuweka katika simu.

Wataalamu wa Google waliichunguza programu hiyo ndogo, wakaona ufa. Ili mkulima auelewe, na tufikiri habari ya gunia la mbegu. Mkaguzi amelitazama gunia gatini, akaona ni mbegu njema, akalipiga muhuri. Kisha gunia likaachwa pale pale wazi, ambapo kila mtu hupita. Usiku akaja mtu, akamwaga mbegu njema, akatia makapi. Asubuhi kuli akasoma jina tu lililoandikwa juu ya gunia, akalipakia jahazini.

Ndivyo ilivyokuwa. Mchezo uliletwa na kukaguliwa, kisha ukawekwa katika hifadhi ya simu inayotumiwa na programu nyingi. Programu nyingine yenye ruhusa ya kuandika katika hifadhi hiyo iliweza kuuondoa na kutia bandia mahali pake. Katika simu za Samsung bandia hiyo ilipokewa bila mwenye simu kuulizwa tena, maadamu jina lake lilikuwa lile lile la mchezo. Tena, kama ilijifanya programu ya mtindo wa kale, ilipewa papo hapo ruhusa zote ilizoziomba.

Google iliwaarifu Epic tarehe 15 Agosti, na dawa ikawa tayari katika muda wa siku mbili. Dawa yenyewe ilikuwa kuliondoa gunia gatini na kulifungia katika ghala la faragha mpaka lipakiwe. Basi twaona kwamba hata kampuni kubwa yenye mafundi hodari yaweza kukosea katika kazi ya ubawabu. Je, programu isiyojulikana imetoka kwa nani, iliyorushwa kutoka simu hii hata simu ile?

RUHUSA ILIYOTOLEWA NA RUHUSA ILIYOIBWA

Yafaa tutenge mambo mawili. La kwanza ni ruhusa unayoitoa mwenyewe. Programu nyingi za mikopo ziliomba majina yote yaliyomo katika simu, watu wakakubali, na deni lilipochelewa jamaa na majirani wakapigiwa simu za aibu. Mwaka 2022 Benki Kuu ya Kenya ilitoa kanuni za kukataza mwenendo huo, na tangu tarehe 31 Mei 2023 Google ilikataza programu za mikopo zilizomo katika duka lake zisisome majina wala picha. Lakini programu inayoletwa kwa mkono haipiti katika duka hilo, wala haikaguliwi hapo.

Jambo la pili ni ruhusa inayoibwa kwa kupitia ufa. Hapa programu haikuulizi neno. Kwa hiyo haitoshi kusema, "Mimi nitakuwa mwangalifu ninapoulizwa." Yatupasa pia kuziba nyufa, na kutowakaribisha wageni tusiowajua.

YATUPASA TUFANYE NINI?

Kwanza, chukua programu katika duka la simu tu. Usipokee faili la programu kwa WhatsApp, kwa Bluetooth, wala kwa kadi ya rafiki, hata kama waona waokoa bando. Huenda rafiki ni mwaminifu, lakini faili halina urafiki.

Pili, funga mlango ulioachwa wazi. Tangu Android 8 ya mwaka 2017, ruhusa ya kuweka programu kutoka nje ya duka hutolewa kwa kila njia mbali mbali. Mtu aliyeiruhusu WhatsApp mara moja ameiacha wazi siku zote mpaka aifunge. Ingia katika mipangilio, tafuta mahali pa kuweka programu zisizojulikana, kisha uzime zote.

Tatu, simu ikikuambia kuna sasisho, likubali. Tafuta mahali penye Wi-Fi, utie simu umeme, uache ifanye kazi yake. Sasisho ndilo dawa ya nyufa. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Nne, kama simu ni kuukuu na haipati sasisho tena, usiifanye ghala la fedha. Tia laini yako ya M-Pesa katika simu ndogo ya vibonyezo, ile kabambe. M-Pesa hutumika vizuri ndani yake. Simu ya mguso ibaki kwa picha, habari na bei za soko.

Tano, programu ikiomba ruhusa ya ufikivu, ile iliyowekwa kwa ajili ya watu wenye ulemavu wa macho au wa viungo, ikatae kama huijui. Ruhusa hiyo yaweza kuifanya isome kilichoandikwa kiooni na kubonyeza kwa niaba yako.

Sita, ukiona umekwisha kosea, zima intaneti ya simu hiyo mara moja. Tumia simu nyingine kuwaarifu watu wa laini yako ili wafunge akaunti, kisha ubadilishe namba ya siri katika simu iliyo salama. Halafu nenda polisi. Kwa sheria ya Kenya ya mwaka 2018, kuingia katika kompyuta ya mtu bila idhini ni kosa, na adhabu yake yaweza kuwa faini isiyozidi shilingi milioni 5, au kifungo kisichozidi miaka 3, au yote mawili.

Wakulima wa Hindi, Witu na Mpeketoni wanajua kwamba pakiti ya mbegu haisadikiwi kwa picha iliyo juu yake. Hukwangua lebo ya KEPHIS, wakapeleka namba kwa ujumbe wa simu, wakangoja jibu kabla ya kupanda. Hawaoni haya kufanya hivyo, hata kama mwuza duka ni jirani. Basi na tufanye vivyo hivyo kwa programu.

Mzee wa Pate alirudi wiki mbili baadaye na kabambe mpya mfukoni. Fedha zake hazijarudi, na karo aliilipa kwa kuuza mbuzi wawili. Aliniomba niwaandikie wenzake habari hii ili wasiuze wao. Nami nimeandika. Wewe uliyesoma, msomee na jirani yako asiyejua kusoma, na umtazamie simu yake kabla hajapokea mgeni.