Maji ya kutu humeza dawa: Sababu ya klorini kupotea mitungini Eastlands

WAKAZI wengi wa mitaa ya Eastlands jijini Nairobi wameizoea hali hii. Mfereji ukifunguliwa baada ya siku kadhaa za mgao, maji hutoka yakiwa na rangi ya chai. Nguo nyeupe zikifuliwa hubaki na madoa ya manjano, na dawa ya maji ikitiwa mtungini hupotea bila hata kuacha harufu.

Mambo hayo matatu mara nyingi huwa na chanzo kimoja. Maji yenye madini mengi ya chuma humeza klorini kabla haijamaliza kuua viini vya maradhi. Anayeyanywa akiamini kwamba yametibiwa huwa amekingwa kwa jina tu.

Hatari yenyewe si ndogo. Mlipuko wa kipindupindu uliotangazwa nchini Oktoba 2022 ulifika Nairobi pia, na ugonjwa huo huenezwa hasa na maji na vyakula vilivyochafuliwa kwa kinyesi. Klorini ndiyo kinga rahisi zaidi ambayo familia ya kipato cha chini inaweza kumudu, almradi ibaki majini.

Sehemu kubwa ya maji ya mfereji ya Nairobi hutoka Bwawa la Ndakaini, Kaunti ya Murang'a, lililokamilika mwaka 1994. Maji hayo husafishwa katika kiwanda cha Ngethu na kutiwa klorini kabla ya kusafirishwa hadi jijini. Hata hivyo, hayatoshi, na ndiyo maana mitaa hupata maji kwa zamu.

Ili kuziba pengo hilo, wenye nyumba za kupangisha katika mitaa kama vile Pipeline, Kayole na Umoja wamechimba visima virefu. Aidha, kuanzia mwaka 2020, lililokuwa Shirika la Huduma za Jiji la Nairobi (NMS) lilichimba visima vingi katika mitaa ya watu wa kipato cha chini.

Maji ya chini ya ardhi aghalabu hukosa hewa, na chuma kilichomo huwa kimeyeyuka kabisa. Kwa sababu hiyo, yakivutwa kutoka kisimani huonekana maangavu. Yakikutana na hewa, chuma hicho hugeuka kutu na maji hubadilika rangi baada ya saa chache. Madini ya manganizi, ambayo mara nyingi huandamana na chuma, huacha madoa meusi kwenye sinki na mabomba.

Kutu pia hutoka kwenye mabomba yenyewe. Katika mitaa mikongwe kama Kaloleni, iliyojengwa miaka ya 1940, na penginepo palipo na mabomba ya chuma, mabomba yakikaa makavu kisha yakajaa ghafla, kutu iliyoganda ndani hubanduka na kusombwa hadi mferejini. Isitoshe, bomba lililopasuka likikosa nguvu ya maji huweza kunyonya maji taka ya mtaroni. Wakati ambapo maji yana rangi mbaya zaidi huenda ndio wakati klorini inapohitajika zaidi.

Hesabu yake ni nyepesi. Kila miligramu 1 ya chuma kilichoyeyuka humeza takriban miligramu 0.6 za klorini, na kila miligramu 1 ya manganizi humeza takriban miligramu 1.3.

Dawa ya maji yenye klorini ya asilimia 1.2, ikitiwa kipimo cha mililita 3 kwenye mtungi wa lita 20, huongeza takriban miligramu 1.8 za klorini kwa kila lita. Iwapo maji hayo yana miligramu 3 za chuma kilichoyeyuka kwa lita, dawa yote huishia kwenye chuma. Hakuna kinachobaki kwa ajili ya viini.

Hali huwa mbaya zaidi pale mwenye nyumba anapochanganya maji ya kisima na ya mfereji katika tangi moja. Klorini kidogo iliyosalia katika maji ya mfereji humezwa na chuma cha kisima, na mpangaji hupata maji yasiyo na kinga yoyote. Tope lililotuama chini ya tangi, joto na mwangaza wa jua kwenye tangi lisilofunikwa pia hupunguza klorini.

Kuna kosa jingine ambalo huwavunja wengi moyo. Maji maangavu ya kisima yakitiwa klorini huweza kugeuka kahawia papo hapo, na mtu akadhani kwamba dawa imeyaharibu. Ukweli ni kwamba klorini imegeuza chuma kilichojificha kuwa kutu inayoonekana. Wenye mabwawa ya kuogelea yanayojazwa kwa maji ya visima hukumbana na jambo hilo hilo: bwawa hutiwa dawa asubuhi, na kabla ya jioni maji yanafanana na chai.

Kuongeza dawa bila kipimo si suluhisho. Maji huwa na ladha kali, watoto huyakataa na kurudia yasiyotibiwa. Utaratibu ufaao ni kukiondoa chuma kwanza, kisha kutia klorini.

Ishara ya kwanza hupatikana jikoni. Maji yenye chuma kingi yakipikiwa chai ya rangi, chai hiyo huwa nyeusi kupita kawaida, mithili ya wino.

Hatua ya kwanza ni kuyapa maji hewa. Maji humiminwa kutoka chombo kimoja hadi kingine, kutoka juu, mara kadhaa. Kisha huachwa yatulie usiku kucha katika chombo kilichofunikwa. Asubuhi, maji ya juu huchotwa taratibu bila kutibua mashapo, na kuchujwa kwa kitambaa safi cha pamba kilichokunjwa mara kadhaa.

Baada ya hapo ndipo dawa hutiwa kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa au pakiti, na maji kuachwa kwa dakika 30 kabla ya kunywewa. Ni nafuu zaidi kutibu mtungi wa maji ya kunywa kuliko kutibu tangi zima ambalo pia hutumika kufulia na kupigia deki.

Hatua ya mwisho, ambayo wengi huiruka, ni kupima. Vipo vidonge na karatasi za kupimia klorini zinazobadilika rangi kulingana na kiasi kilichomo. Shirika la Afya Duniani (WHO) linapendekeza klorini iliyobaki baada ya dakika 30 iwe angalau miligramu 0.5 kwa lita, na isipungue miligramu 0.2 maji yanapomfikia mtumiaji. Asiye na kipimo anaweza kunusa, ingawa pua si kipimo cha uhakika: harufu hafifu ya klorini ni ishara njema, wala si sababu ya kuyamwaga maji.

Kuchemsha huua viini lakini hakupunguzi madini kama risasi. Vilevile, floridi, ambayo ni nyingi katika baadhi ya visima vya Nairobi na huharibu meno ya watoto, haiondolewi kwa kuchemsha, kwa kuchuja kwa kitambaa wala kwa klorini. Ni maabara pekee inayoweza kuyabaini madini hayo kwa uhakika.

Ndiyo maana mzigo huu haufai kuachiwa mpangaji peke yake. Mwenye kisima anapaswa kupeleka sampuli maabarani ipimwe chuma, manganizi, floridi na viini, kuweka mtambo wa kuchuja chuma kabla ya maji kupanda tangini, na kuhakikisha tangi linafunikwa na kusafishwa mara kwa mara.

Kifungu cha 43 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa kila mtu haki ya kupata maji safi na salama ya kutosha. Mpangaji anayelipia maji kila mwezi ana sababu ya kumwuliza mwenye nyumba swali moja: matokeo ya maabara yako wapi?