Je, Wajua? Githeri, Chumvi na Kiingereza cha Nyeri

Je, wajua kwamba sufuria moja ya githeri ina kanuni mbili za Kiingereza? Mahindi ni "maize", neno lisilo na wingi hata yakijaa ghala zima. Maharagwe yaliyochemka nayo ni "beans", na hayo huhesabika. Mwanafunzi wa Karatina anayesema mahindi haya, maharagwe haya, ataionaje tofauti hiyo asipoelezwa?

Ndiyo maana kuanzia Nyeri hadi Nanyuki na Embu utasikia watu wakisema "luggages", "equipments", "furnitures". Wana sababu. Kwetu ni mizigo, ni vifaa, na wingi huo unafuata ulimi hadi kwenye Kiingereza. Hata Wafaransa, ambao kwao Waingereza walilichukua neno "information", hulitia wingi mpaka leo. Anayetaka kuhesabu mizigo kwa Kiingereza atafute kipimo kwanza: "two pieces of luggage", jinsi tunavyosema miche miwili ya sabuni. Chai nayo haihesabiki, ila ukiwa hotelini "two teas" ni sahihi kabisa, kwa kuwa vinavyohesabiwa ni vikombe.

Je, wajua kwamba Kiingereza huomba kwa kurudi nyuma kwa wakati? "Could" ni umbo la wakati uliopita la "can", ingawa chumvi inatakiwa sasa hivi: "Could you pass me the salt, please?" Sisi upole huo tunauweka kwenye "naomba", au mwishoni mwa kitenzi: unipe, uniletee. Mtu wa Nyeri husema "nisaidie na chumvi", na akiigeuza inakuwa "assist me with salt". Heshima imo tele, lakini mgeni kutoka Uingereza anaweza asiisikie. "Borrow me a pen" nayo inatokana na kuazima, kitenzi kinachowafaa mwenye kalamu na asiye nayo. Mwalimu akilionyesha hilo ubaoni, darasa hushika upesi kuliko likichekwa.

Kuchekwa kuna historia hapa. Wangari Maathai, mzaliwa wa Ihithe, alisoma shule ya bweni ya St. Cecilia's huko Mathari, Nyeri, chini ya watawa wa Consolata kutoka Italia. Katika kitabu chake Unbowed cha mwaka 2006 ameeleza kuwa mwanafunzi aliyesikika akiongea lugha nyingine badala ya Kiingereza alivaa beji iliyoitwa "monitor". Aliyekuwa nayo jioni alifagia au kukata nyasi. Adhabu kubwa zaidi, anasema, ilikuwa aibu ya kuwa umesema lugha ya mama yako.

Na lugha hiyo ya mama inajua kuomba. Kikuyu hutumia kitenzi kimoja, kũhooya, kwa Mungu na kwa jirani, sawasawa na kuomba kwetu. Waingereza nao walikuwa hivyo: enzi za Shakespeare, "pray" ilitumika kanisani na mezani pia. Siku hizi mezani imebaki "please", iliyofupishwa kutoka maneno yenye maana ya "ikikupendeza".