‘Imefungwa’, ‘wamefungwa’ au ‘tumefungwa’? Sarufi ya shabiki wa Eastlands

Mama mmoja mkazi wa Umoja alinijia majuzi na daftari la mwanawe. Kijana yuko kidato cha pili na ni shabiki sugu wa Arsenal. Katika insha kuhusu wikendi yake aliandika: “Arsenal walifungwa, nami sikula chajio.” Mwalimu alipiga mstari mwekundu chini ya ‘walifungwa’, akaandika juu yake ‘ilifungwa’ na kukata alama. Mama hakuja kumlaumu mwalimu. Alitaka kujua jambo moja tu: “Mwalimu, si hata watangazaji wa redio husema hivyo? Kosa liko wapi?”

Nilimwahidi kwamba ningelijadili suala hilo ukumbini humu. Mifano yangu nitaitoa katika msimu mmoja ambao Eastlands ina sababu ya kuukumbuka. Ni msimu wa 2016-17 wa Tottenham Hotspur, au Spurs kama wengi waiitavyo, katika Ligi Kuu ya Uingereza. Katika safu ya kati ya timu hiyo alikuwemo Victor Wanyama, kijana aliyelelewa katika mtaa wa reli wa Muthurwa.

Tuanze na umbo alilolipendelea mwalimu. Tunaposema “Spurs ilimnunua Wanyama kutoka Southampton mwaka 2016”, kiambishi ‘i-’ kinatokana na neno ambalo halijatamkwa. Sentensi kamili ni “Timu ya Spurs ilimnunua Wanyama.” Nomino ‘timu’ imo katika ngeli ya I-ZI, na hata inapodondoshwa, kitenzi kinaendelea kuitii. Ndiyo maana zikiwa mbili tunasema: “Arsenal na Spurs zilitoka sare ya 1-1 mnamo Novemba 6, 2016.” Utaratibu ni uo huo tunaposema “Kenya imeshinda” au “Harambee Stars imeshindwa.” Tunaichukulia timu kuwa kitu kimoja, chombo chenye jina, ofisi na akaunti ya benki.

Hata hivyo, wapo wasemao: “Spurs walicheza mechi 19 za ligi nyumbani msimu huo bila kushindwa, walishinda 17 na kutoka sare mbili.” Takwimu hizo ni sahihi. Je, sarufi nayo?

Hapa ndipo jina la Wanyama linapotufaa. Hebu tazama sentensi hii: “Wanyama amefunga bao.” Mgeni anayejifunza Kiswahili angeruka na kusema tumekosea. Neno ‘wanyama’ lina kiambishi cha wingi, kwa hivyo angedai tuseme “Wanyama wamefunga.” Lakini hakuna mtoto wa Muthurwa anayeweza kubabaika hapo. Huyo ni mtu mmoja, na mtu mmoja huchukua ‘a-’. Upatanisho wa Kiswahili hautazami sura ya neno peke yake. Hutazama pia kile kinachotajwa. Kwa sababu iyo hiyo twasema “kipofu amefika”, si “kimefika”, japo neno lenyewe linaanza kwa ‘ki-’.

Mfano mwingine tunao katika kurasa za michezo. Manchester United hubandikwa lakabu ‘Mashetani Wekundu’. Umbo ‘mashetani’ ni la ngeli ya LI-YA, mithili ya ‘mashamba’. Lakini hatusemi ‘mashetani mekundu yamefungwa’. Tunasema ‘Mashetani Wekundu wamefungwa’, kwa kuwa shetani huhesabiwa miongoni mwa viumbe hai. Maana imeshinda umbo.

Basi anayesema “Spurs walishinda” hatazami ofisi. Anatazama wachezaji kumi na mmoja wanaokimbia. Tofauti hiyo hujitokeza vizuri zaidi katika vitenzi ambavyo chombo hakiwezi kuvitenda. “Spurs imeuza mchezaji” inaeleweka mara moja, kwa sababu klabu ndiyo inayouza. Lakini “Spurs wamechoka” ndiyo hutujia kinywani upesi, kwa sababu wanaochoka ni watu. Kwa ufupi, ‘i-’ ni ya afisi na ‘wa-’ ni ya miguu.

Kuna mpaka lakini. Uhuru huo upo pale jina la klabu linaposimama peke yake. Nomino ‘timu’, ‘klabu’ au ‘kikosi’ ikitajwa, ngeli yake ndiyo hutawala. Sharti tuseme “timu imefungwa” na “kikosi kimefungwa”. ‘Timu wamefungwa’ nimeisikia mara nyingi kwenye matatu za Barabara ya Jogoo, na katika mazungumzo haina neno, lakini katika maandishi sanifu haikubaliki, kama isivyokubalika ‘kamati wameamua’. Isitoshe, ukishachagua njia moja usihame katikati ya sentensi. “Arsenal ilianza vizuri lakini wakachoka” inamchanganya msomaji bure.

Sasa tufike kwa umbo la tatu, ambalo vitabu vya sarufi haviligusi katika mjadala huu ilhali ndilo linalotawala mitaani.

Jioni ya Jumapili, Mei 14, 2017, nilikuwa katika banda la video kule Makongeni. Spurs walikuwa wakicheza na Manchester United, mechi yao ya mwisho katika uwanja wa White Hart Lane kabla ya kubomolewa. Dakika ya sita tu, Wanyama aliruka na kuupiga mpira kichwa hadi wavuni. Banda lilitikisika. Mbele yangu kijana aliyevaa jezi ya Arsenal alisimama juu ya benchi akipiga mayowe: “Tumefunga! Tumefunga!”

Mwenzake akamvuta suruali. “Ati tumefunga? Nyinyi na nani, na hiyo jezi?”

“Wachana na jezi,” akajibu. “Huyo ni boi wa Muthurwa, bana.”

Tulicheka, lakini swali lilikuwa zito kuliko kicheko. Arsenal na Spurs ni mahasimu wa jadi wa kaskazini mwa London. Majuma mawili tu kabla ya hapo, Aprili 30, Spurs walikuwa wameilaza Arsenal 2-0 katika uwanja huo huo. Matokeo hayo yalihakikisha kwamba Spurs ingemaliza msimu juu ya Arsenal kwa mara ya kwanza tangu 1995. Siku ile kijana yule bila shaka alisema “tumefungwa”. Sasa anasema “tumefunga”, na waliofunga ni wale wale waliomfunga!

Kisarufi, kijana hakuteleza. Kiambishi ‘tu-’ cha nafsi ya kwanza wingi humaanisha ‘mimi pamoja na wengine’. Hao wengine ni nani, Kiswahili hakisemi. Zipo lugha duniani zenye ‘sisi’ mbili: moja inayomjumuisha anayeambiwa na nyingine inayomwacha nje. Kiswahili kina moja tu. “Tumefungwa” ukimwambia shabiki mwenzako, naye yumo. Ukimwambia hasimu, hayumo. Muktadha ndio unaochora mpaka, na kila anayesema ‘tu-’ ana hiari ya kuusogeza. Kijana yule aliusogeza kutoka jezi hadi mtaa.

Utata huo unazidi pale anapoongezwa mtendwa. “Tumewafunga” ina milango miwili, kwa kuwa ‘-wa-’ husimamia ‘nyinyi’ na pia ‘wao’. Anayetaka kumkabili hasimu wake ana kwa ana ataongeza ‘-eni’ mwishoni: “Tumewafungeni!” Hapo hakuna wa kujificha.

Zaidi ya hayo, ‘tu-’ ni kiambishi kinachopenda ushindi. Mwaka 1976, mwanasaikolojia Robert Cialdini na wenzake walichapisha utafiti uliowahusu wanafunzi wa vyuo vikuu vya Marekani. Waligundua kwamba wanafunzi walielekea zaidi kusema ‘sisi’ walipoeleza mechi ambayo timu ya chuo chao ilishinda kuliko ile iliyoshindwa. Kwetu hakuhitajiki maabara. Jumamosi ya ushindi utasikia “tumewanyorosha.” Jumamosi ya kichapo, mtu yule yule atakwambia, “Hawa watu wamefungwa tena.” Kutoka ‘tu-’ hadi ‘wa-’ ni mwendo wa dakika tisini.

Msimu ule Spurs ilimaliza katika nafasi ya pili kwa pointi 86, nyuma ya Chelsea iliyotwaa ubingwa kwa pointi 93. Arsenal ilikuwa ya tano kwa pointi 75. Pale kwenye banda, hata hivyo, jedwali lilisomwa kwa namna tofauti. Mkenya wa kwanza kucheza katika ligi hiyo alikuwa amefunga bao katika mechi ya kuliaga White Hart Lane, na alikuwa mtu wa mitaa hii. ‘Tu-’ ya siku hiyo haikuwa ya kuazima.

Sina hakika kwamba ninaweza kusema vivyo hivyo kuhusu ‘tu-’ zetu nyingine. Kwenye Barabara ya Jogoo, hatua chache kutoka mabanda tunamolilia London, umekaa uwanja wa City ambapo vizazi vya wanasoka wetu vimetoa jasho. Pita hapo siku ya mechi na umsikilize shabiki wa Eastlands. “Leo wanacheza?” atauliza. ‘Wanacheza’, si ‘tunacheza’. Kiambishi kimoja kinatosha kukuonyesha moyo wa mtu ulipo. Wanyama naye alianzia katika viwanja hivi vya nyumbani, na wakati huo waliomwimbia ‘tu-’ walikuwa wachache.

Nirudi kwa mama wa Umoja. Jibu langu ni kwamba mwalimu hakukosea kumwonyesha mwanao njia ya ‘ilifungwa’, kwa sababu ndiyo njia salama katika maandishi rasmi. Lakini kumkata alama lilikuwa kosa. “Arsenal walifungwa” ni upatanisho wa kimaana, na kijana alitaja jina tupu bila nomino ‘timu’.

Ningekuwa mimi ninayesahihisha, ningemwuliza kitu kingine. Isome tena sentensi yake: “Arsenal walifungwa, nami sikula chajio.” Hao ‘wa-’ wako mbali, ng’ambo ya bahari. Mbona akose kula kwa ajili yao? Nusu ya pili ya sentensi inatuambia kwamba nusu ya kwanza imeficha jambo. Neno alilokuwa nalo moyoni, ambalo aliogopa kumwandikia mwalimu, ni ‘tulifungwa’. Nalo, msomaji wangu, ni Kiswahili sanifu kabisa.