Wenye Reli za Mezani

Januari 2024 wapenzi wa treni za mfano nchini Uingereza walipigwa na habari mbili ndani ya mwezi mmoja. Duka la Hattons, lililofunguliwa Liverpool mwaka 1946, lilitangaza kwamba linafunga. Klabu ya Warley nayo ikatangaza kwamba maonyesho yake makubwa ya kila Novemba katika kumbi za NEC, Birmingham, yalikwisha na yale ya 2023. Walio nje ya jamii hii walizipokea habari hizo kwa namna yao ya siku zote: wakacheka kidogo, wakasema wazee wamechoka na vitu vya kuchezea, wakapita. Kicheko hicho kinatokana na kutazama mahali pasipostahili. Mtu wa nje huona kinachonunuliwa, yaani kichwa cha treni kinachoenea kiganjani, behewa na vipande vya reli, asione kinachofanywa navyo. Ninachodai hapa ni kwamba mila ya reli za mfano ya Waingereza imesimama juu ya kazi ya pamoja ya kuendesha treni kwa utaratibu, mbele ya watu, na kwamba kinachokufa ni kazi hiyo. Biashara ya kuuza na kununua inaweza kustawi vizuri sana bila yake, na hapo ndipo penye hatari.

Ni kweli kwamba chimbuko lake ni duka, tena duka la watoto. Kampuni ya Märklin ya Ujerumani ilipeleka reli za kuchezea zenye vipimo maalumu katika maonyesho ya Leipzig mwaka 1891. Frank Hornby wa Liverpool akaanza kuuza treni za kujaza ufunguo mwaka 1920, na mwaka 1938, miaka miwili baada ya kufariki kwake, kampuni yake ikatoa Hornby Dublo, treni ndogo za kutandikwa mezani. Enzi hizo za kati ya vita viwili ndizo zilizowarithisha Waingereza kasoro ambayo hawajaiacha hadi leo. Vichwa vyao vya treni ni vyembamba na vifupi kuliko vya bara Ulaya, na mota za wakati huo zilikataa kuingia ndani ya mwili uliopunguzwa kwa kipimo cha bara, 1:87. Wakaupanua mwili hadi 1:76 na kuiacha reli ilivyo, milimita 16.5, ilhali hesabu ya kweli inadai 18.83. Kwa hiyo treni nyingi za mfano za Uingereza zinatembea juu ya reli nyembamba kuliko mwili unavyostahili. Wako waliokataa. Hao hutandika reli zao kwa mkono, taluma moja baada ya jingine, kwa upana kamili, na wenzao huwaita kwa utani wahesabu ribiti. Ugomvi wa pande hizi mbili umejaza kurasa nyingi za majarida, nami sina haja nao zaidi ya kusema kwamba watoto hawagombanii milimita mbili na ushei kwa miongo na miongo.

Kununua kwenyewe kunaelezeka kwa maneno machache. Kichwa kipya cha garimoshi la mvuke katika kipimo hicho huuzwa pauni mia mbili hivi, na cha mtumba hupatikana kwa bei nafuu kwenye meza za mitumba, ambazo hazikosekani katika onyesho lolote. Kinachostahili kutazamwa ni kinachofuata. Kichwa kinatoka kwenye boksi kikimeremeta, na mwenyewe anakipaka uchafu. Anazimua rangi ya kahawia mpaka iwe nyepesi, anaipitisha pembeni mwa tangi, na kabla haijakauka anaifuta kwa kijiti chenye pamba, kutoka juu kwenda chini, kwa kuwa ndivyo mvua inavyoteremsha masizi. Rangi inabaki kwenye maungio na kuzunguka ribiti, na plastiki inaanza kuonekana chuma kilichofanya kazi. Kokoto za njia nazo zina jioni zake. Mawe ya kusagwa humwagwa kati ya mataluma, hupangwa kwa brashi laini, hurashiwa maji, kisha gundi nyeupe ya mbao iliyozimuliwa kwa maji hudondoshwa tone kwa tone. Ndani ya gundi hiyo mna tone moja la sabuni ya vyombo. Likikosekana, gundi haipenyi, inajikusanya juu na kuburuta kokoto zote ulizozipanga. Mtu anayelipa pauni mia mbili halafu akakichafua alichokinunua haeleweki ukimpima kwa mizani ya watoza vitu vya thamani.

Lakini moyo wa mila hii ni kuendesha, na hapo ndipo mgeni anapoachwa kabisa. Meza nyingi za Kiingereza hazina duara la kuzungusha treni. Zina stesheni upande unaoonekana, na mwisho wa mandhari, chini ya daraja au nyuma ya safu ya nyumba za kadibodi, reli zinaingia mafichoni, ambako treni hupangwa upya kwa mkono zisubiri zamu yake. Maficho hayo yanasimama badala ya dunia yote iliyobaki: London, bandari, machimbo ya makaa. Mtindo huu ulienezwa sana na jarida la Railway Modeller, lililoanza mwaka 1949. Mhariri wake wa miaka mingi, C. J. Freezer, aliwafundisha wasomaji wenye vyumba vidogo kwamba stesheni ya mwisho wa njia ya kijijini, yenye treni chache, ina kazi nyingi kuliko duara lenye treni kumi. Kazi hiyo inataka angalau watu wawili, mmoja stesheni na mmoja mafichoni, na hawapaswi kuitana kwa sauti. Wanazungumza kwa kengele zilezile za walinzi wa signali wa reli halisi. Pigo moja ni kuita, na mwenzako analirudisha. Mapigo manne yanauliza: njia iko wazi kwa treni ya haraka ya abiria? Akirudisha manne, amekubali. Treni ikiondoka yanapigwa mawili. Ikifika nzima, mapigo mawili na moja, na njia imekuwa huru tena. Kufika nzima maana yake ni kuonekana taa ya mkiani kwenye behewa la mwisho, ushahidi kwamba hakuna behewa lililokatikia njiani. Katika kipimo hiki taa hiyo ni punje ya plastiki ya milimita chache, iliyopakwa nukta nyekundu, na mwendeshaji makini hapigi mbili-moja kabla ya kuinama na kuiona.

Kasisi Peter Denny, aliyeanza kujenga njia yake ya Buckingham katika miaka ya 1940, aliyafikisha haya mbali kuliko wengi. Alitaka kengele zake zijibiwe hata anapokuwa peke yake, kwa hiyo alitengeneza mashine ya kuziitika na kufanya kazi ya mwendeshaji wa pili, akaipa jina la mwanawe, Crispin. Anayesema mchezo huu ni wa wapweke aitafakari mashine hiyo. Mpweke anayetaka tu kuona magurudumu yakizunguka angewasha umeme akakaa. Denny alijitengenezea mwenzi wa kazi, kwa sababu treni ambayo haikuombewa njia, kwake, ilikuwa bado haijaondoka stesheni.

Onyesho ndilo linaloitoa kazi hii hadharani. Linafanyika katika jumba la kanisa au ukumbi wa shule, kwa kiingilio cha pauni chache. Wanachama wamefika mapema kuunganisha vipande vya meza kwa bolti na nyaya. Mbele wanasimama watu na watoto wao, nyuma waendeshaji na vikombe vyao vya chai. Kuna adabu inayojulikana bila kuandikwa ukutani: mtazamaji haigusi treni, mwendeshaji hakai akipiga soga huku stesheni imelala, na aibu kubwa kupita zote ni mkono wa mtu kutokea mbinguni kusukuma kichwa kilichokwama. Kinachokwamisha mara nyingi ni uchafu. Umeme wa volti 12 unapanda kutoka kwenye reli kupitia magurudumu, na utando usioonekana kwa macho unatosha kuukata, kwa hiyo kabla ya milango kufunguliwa kila mtu ameinama anafuta reli kwa kitambaa chenye spiriti. Mitambo ya kidijitali, spika za kutoa sauti ya mvuke na mashine za kuchapa vifaa nyumbani zipo na zinapendwa, na hazibadilishi lolote katika ninayoyasema.

Watasema basi hawa ni watu wazima wanaocheza kazi ya watu wengine. Naam, wanacheza. Mzee anayekaa na kete zake za bao barazani mpaka jua linazama haulizwi lini atakua. Anaulizwa nani kashinda. Anapewa heshima hiyo kwa kuwa wanaomzunguka wanazijua kanuni na wanaweza kumpima ustadi. Mwenye reli za mezani ananyimwa heshima hiyo kwa sababu wanaomcheka hawajui mbili-moja ni nini.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi. Ripoti ya Beeching ya Machi 1963 ilipendekeza kufunga stesheni zaidi ya 2,300 na takriban kilomita 8,000 za njia. Agosti 1968 garimoshi la mvuke likaondolewa kwenye njia kuu za reli ya taifa. Meza nyingi zinaonyesha nchi ya kabla ya hapo, na mkosoaji ana haki ya kuuliza kama hii si njozi ya taifa linalojililia, lenye stesheni zilizojaa maua na himaya isiyotajwa. Himaya ilikuwapo. Kiwanda cha Beyer Peacock cha Gorton, Manchester, kiliziletea reli za Afrika Mashariki vichwa vikubwa vya Garratt katika miaka ya 1950, na viwili vya daraja la 59, Mount Gelai na Mount Shengena, vimo hadi leo katika makumbusho ya reli ya Nairobi. Anayesimama mbele yake pale anaweza kustaajabia chuma bila kusahau ni nani aliyevuja jasho kuitandika njia. Mwingereza naye anaweza, na jibu langu liko katika ule uchafu wa makusudi. Anayetaka kuitakasa zamani hapaki masizi. Roye England, Mwaustralia aliyefika Uingereza mwaka 1925, aliona nyumba za nyasi za bonde la White Horse zikibadilishwa na kubomolewa, akaanza kuziiga moja moja kwa vipimo halisi. Jumba la makumbusho la Pendon, huko Long Wittenham, lilitokana na kazi hiyo. Huko ni kuweka kumbukumbu kwa mikono, na kumbukumbu ya namna hiyo inabeba ufa wa ukuta pamoja na ua la bustani.

Wanaosema kwamba klabu nyingi zimejaa wanaume wenye mvi tu, kwa hilo sina utetezi.

Turudi kwenye maboksi, maana ndiko maiti iliko. Kuhifadhi kulikuwa sehemu ndogo ya desturi: rudisha kichwa kwenye boksi lake, usikiweke darini ambako kiangazi hutanua reli na baridi huleta unyevu, acha nafasi kwenye maungio ya reli. Siku hizi kuhifadhi kumekuwa lengo. Viwanda hutoa matoleo ya idadi maalumu, boksi lisilofunguliwa linaongeza bei, na mtu anaweza kuwa mteja mzuri miaka arobaini bila kupiga kengele hata moja. Anadhani ameokoa kitu. Lakini zinki ya vifaa vya kabla ya vita, ikiwa imechanganyika na risasi kidogo, huvimba, hupasuka na kumeguka ndani ya boksi lililofungwa, bila kuguswa na mtu, grisi huganda, sponji ya kufungia huyeyuka ikashika rangi. Wanaonijibu kwamba mauzo yanaendelea na video za treni zinatazamwa na maelfu wanataja mambo mawili ambayo hayahitaji mwenzi. Tofauti hiyo ilionekana Mei 2019. Usiku wa kuamkia onyesho la klabu ya Market Deeping, vijana waliingia katika ukumbi wa shule mjini Stamford wakazivunjavunja meza. Umma ulichanga zaidi ya pauni 100,000, zikiwamo 10,000 za mwimbaji Rod Stewart, ambaye mwenyewe amejenga mji mzima wa mfano kwa zaidi ya miaka 20. Fedha hizo zingeweza kununua vichwa vingi vya treni. Meza zilikuwa ni miaka ya watu, na hakuna duka linaloiuza.

Mwenyewe akifariki, vichwa na mabehewa hupata wanunuzi upesi. Meza iliyojengwa kwa kipimo cha chumba kimoja haipiti mlangoni, na kwa kawaida hukatwa kwa msumeno. Buckingham ya Peter Denny iliponea chupuchupu. Alifariki mwaka 2009, na mtu mwingine aliichukua, akaipatia chumba, akairekebisha mitambo iliyozeeka, akawaita rafiki zake waje kuiendesha. Hawakuhitaji kununua kichwa kipya hata kimoja. Walichopaswa kujifunza ni ratiba na kengele.